Gari uliloliacha Mtwara lipimwe kabla ya korosho na baada ya mvua

Ukiwa Uingereza, muda wa kupima gari si jambo la kujipangia mwenyewe. Gari likitimiza miaka mitatu linapelekwa MOT, yaani ukaguzi wa lazima wa huko, na baada ya hapo kila mwaka. Ujerumani na Japani ukaguzi wa kwanza wa gari dogo jipya ni baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili. Mabishano kuhusu muda huo hayajaisha hata huko: Texas imefuta ukaguzi wa usalama kwa magari binafsi tangu Januari 2025, na Aprili mwaka huohuo Tume ya Ulaya ikapendekeza magari yaliyozidi miaka 10 yapimwe kila mwaka.

Sasa lile gari ulilomwachia mdogo wako Mtwara, au Noah inayokuletea hesabu Lindi, linakumbushwa na nani? Stika ya Nenda kwa Usalama ipo, na gari la abiria lina masharti yake ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Fuata yote, lipia yote. Lakini stika inaeleza hali ya gari siku lilipokaguliwa. Miezi minne baadaye, bushi zikiwa zimekwisha na breki zinavuta upande mmoja, stika bado iko kioo cha mbele. Ndiyo maana nasema mwenye gari uliye mbali ujiwekee ratiba yako, na ratiba hiyo ifuate majira ya Kusini, siyo tarehe ya kutengenezwa kwa gari.

Mara mbili kwa mwaka inatosha kwa gari la familia. Ya kwanza ni kabla au mwanzoni mwa Oktoba. Msimu wa korosho ukifunguka, gari linaanza kubeba watu na mizigo kuliko mwaka mzima, na mvua ziko njiani. Ya pili ni Mei au Juni, mvua zikikatika, kwa sababu hapo ndipo utaona madhara ya mashimo, tope na maji. Walioko kwetu Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya Dar kukatika maeneo ya Somanga, wanajua magari yalipitishwa kwenye maji ya namna gani. Gari la hesabu lipimwe kila baada ya miezi mitatu, na fedha ya kulipima itengwe ndani ya hesabu yenyewe, isisubiri utume.

Nitakaa kidogo kwenye breki, maana hapo ndipo watu wanapotea. Mafuta ya breki yanafyonza unyevu, na pwani yetu haina uhaba wa unyevu. Gari linaweza kusimama vizuri kabisa mjini Mtwara, kati ya sokoni na Shangani, likakupa imani. Lipeleke Newala, kisha uanze kushuka kuelekea Masasi likiwa limejaza. Dereva anakanyaga breki muda mrefu, breki zinapata moto, na ule unyevu ndani ya mafuta unachemka ukawa mvuke. Pedali inakuwa laini, inazama, gari halishiki. Pedi zinaweza kuwa mpya kabisa na bado hilo likatokea. Mafuta hayo yabadilishwe yote kila baada ya miaka miwili. Kuongezea juu hakuondoi maji. Na dereva aambiwe ashuke na gia ndogo.

Kutu ni adui wa pili. Gari linalolala Mikindani au karibu na mashamba ya chumvi linaliwa kuanzia chini. Rangi ya bodi haitakuonyesha kitu. Mwambie kijana wako apige video chini ya gari mchana, taratibu: chesisi, mipira na mabomba ya breki, sehemu shokapu zinaposhikia. Mabomba ya breki yenye kutu iliyovimba yabadilishwe bila mjadala.

Tairi usiulize kama "ni nzima". Omba picha ya ubavuni, pale penye tarakimu nne za mwisho wa namba ya DOT: 2319 ina maana tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi nyingi za mitumba zina kashata nzuri ilhali mpira umeshakauka, na jua letu linamalizia. Kisha gurudumu la mbele liinuliwe kwa jeki, gari likiwa limezuiwa lisisogee na pasiwe na mtu chini yake. Lishikwe juu na chini, litikiswe: likicheza, tazameni beringi na bol joint. Lishikwe kushoto na kulia: likicheza, mara nyingi ni tairodi. Kazi hii haimalizi dakika kumi.

Anayepima asiwe yule yule anayetengeneza. Vituo vya TÜV, vinavyokagua magari Ujerumani, havifanyi matengenezo, na mantiki yake inafaa hata kwenye gereji zetu: fundi mmoja alipwe kuangalia tu na kuandika, mwingine abadilishe. Spea iliyotolewa ipigwe picha pembeni ya mpya kabla hujatuma salio. Ndugu akiona unamchunguza, mweleze kwamba yeye ndiye anayepanda na watoto.

Ukiwa bado unanunua gari la kutuma, kazi inaanzia huko uliko. Gari la Uingereza lina historia yake ya MOT mtandaoni bila malipo. Ingiza namba ya gari usome mileji, sababu za kufeli na tahadhari alizopewa mwenyewe. Ila ujue MOT haipimi hali ya injini, klachi wala giaboksi, kwa hiyo tafuta fundi alisikilize. Gari la Ujerumani au Marekani, mbali na usukani kuwa kushoto, taa zake za chini zimeelekezwa kulia, na kwetu zitampiga usoni anayekuja mbele. Weka bajeti ya kubadilisha. Kodi ikokotoe kwenye kikokotoo cha TRA, ukikumbuka kwamba umri wa gari unaongeza ushuru, na masharti ya ukaguzi yaulize TBS kabla hujalipia meli.