Matayarisho ya Nyumba na Shamba Kabla ya Mvua za Septemba

Katika sehemu kubwa ya kusini na katikati ya Uganda, kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho kipindi cha kumaliza kazi ambazo huwa ngumu udongo ukishalowa. Msimu wa pili wa mvua, ambao Baganda huuita ddumbi, kwa kawaida huanza Septemba na kuendelea hadi Novemba au mwanzoni mwa Desemba. Mkulima wa Gulu au Lira asiifuate kalenda hii, kwa kuwa kaskazini mvua hunyesha kwa msimu mmoja mrefu, takriban Aprili hadi Oktoba, na kwake kazi hizi ni za miezi ya mwanzo wa mwaka. Popote pale, shabaha ni kuyaandalia maji mahali pa kwenda kabla hayajaanguka, na kwa sababu hiyo ni vyema kuanzia juu ya paa na kushuka hadi shambani.

Kila milimita moja ya mvua inayoangukia mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji, kwa hiyo paa la mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 20 hupokea lita 1,000. Maji hayo yasipokingwa hudondokea ukutani na kuula msingi, hasa wa nyumba ya matofali mabichi. Mifereji ya paa iondolewe majani na viota, vishikizo vilivyolegea vikazwe, na mfereji uinamie upande wa tangi. Maji ya mvua ya kwanza, ambayo huosha vumbi na kinyesi cha ndege, yaelekezwe nje ya tangi. Tangi lenyewe lioshwe likiwa tupu, kisha lifunikwe na tundu zake zizibwe kwa wavu ili mbu wasitage humo.

Uani, choo cha shimo kichimbiwe mtaro upande wa juu wa mteremko ili maji yapite kando. Mashimo yaliyobaki baada ya kufyatua matofali yafukiwe, kwani yakijaa maji ya mvua huwa mazalio ya mbu wa malaria.

Kazi kubwa iko kwenye mteremko, ambako huchimbwa mitaro ya kukingama ili maji yasichukue udongo. Mtaro uliochimbwa kwa kukisia kwa macho mara nyingi huinama upande mmoja, na maji yakikusanyika upande huo huvunja ukingo na kuondoka na udongo wote wa juu. Kifaa cha kupimia hakihitaji fedha: fungeni miti miwili ya mita 2 iwe na umbo la herufi A, wekeni mti mfupi wa kukingama katikati, kisha ning'inizeni jiwe kwa uzi kutoka kileleni. Simamisheni kifaa, wekeni alama pale miguu ilipokanyaga na pale uzi unapokata mti wa kukingama. Kigeuzeni, kila mguu ukae mahali pa mwenzake, mweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Baada ya hapo anzeni ukingoni mwa shamba, mguu mmoja ukae na wa pili usogezwe juu au chini mpaka uzi uguse alama ya katikati, pigeni kigingi, mwendelee hivyo hadi upande wa pili. Mstari wa vigingi utapindapinda, na ndivyo unavyotakiwa kuwa.

Mtaro wa sentimita 60 kwa upana na 60 kwenda chini hutosha mashamba mengi. Udongo ukitupwa upande wa juu ni fanya juu, ukitupwa chini ni fanya chini, na kwa vyovyote vile ukingo upandwe majani ya kulishia ng'ombe ili ushikamane. Uanzeni mtaro wa juu kabisa. Wengi huanzia chini kwa sababu ni karibu na nyumba, kisha mvua hufika mapema na maji ya kilima kizima huangukia mtaro mmoja. Hata hivyo, ushauri huu haufai kwenye miteremko mikali ya Mlima Elgon, kama ile ya Bududa ambako maporomoko ya ardhi ya Machi 2010 yaliua watu wengi. Huko mitaro ya kuzamisha maji huweza kuuzidishia udongo uzito, na kabla ya kuchimba ni lazima kumwona afisa ugani.

Kwenye migomba, tandazeni nyasi au mabua makavu, mkiacha nafasi ya takriban sentimita 60 kuzunguka shina, kwa maana matandazo yanayogusa shina huwapa maficho fukusi, wadudu wanaoutoboa mgomba. Ua dume livunjwe kwa kijiti chenye panda mara tu chana la mwisho linapotoka, wala lisikatwe kwa panga. Ugonjwa wa mnyauko bakteria, ulioripotiwa kwa mara ya kwanza nchini mwaka 2001 katika wilaya ya Mukono, huenezwa na wadudu wanaotembelea ua hilo na pia na panga linalotoka mgomba hadi mgomba, kwa hiyo panga la kupogolea lipitishwe motoni kila mara.

Mahindi ya msimu wa kwanza nayo yakaushwe sasa, juu ya turubai na si juu ya udongo, maana Septemba jua huwa la wasiwasi na nafaka yenye unyevu huota ukungu wenye sumu iitwayo sumukuvu. Ili kuyapima, tieni punje kiasi cha robo ya chupa kavu ya kioo, ongezeni vijiko vichache vya chumvi kavu, mtikise kwa dakika chache. Chumvi ikinata kwenye kioo, yarudisheni mahindi juani. Isiponata, yatieni gunia na kuyapanga juu ya chaga, mbali na ukuta.