Somo: Kuomba mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri biashara inapoyumba

Mafuta yalipopanda bei mwaka 2022, Serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia Juni ili kupunguza makali, lakini ruzuku ile ilishusha bei ya kituoni tu; haikumrudishia mama lishe wa Majengo, hapa Dodoma, mtaji uliokwisha kuliwa nyumbani. Mlango wa mtaji ni mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Hatua ya kwanza ni kikundi. Undeni cha watu wanaofahamiana kwa kazi, kwa maana kikundi kilichookotwa wiki ya maombi hugombana siku fedha zinapoingia.

Hatua ya pili, andaeni katiba na muhtasari wa kikao, mkamwone afisa maendeleo ya jamii wa kata kwa usajili, kisha mfungue akaunti ya benki kwa jina la kikundi.

Hatua ya tatu ni andiko la mradi, na hapa ndipo wengi hukwama. Kama mnakamua alizeti, andikeni idadi ya magunia, bei ya leo wala si ya mwaka jana, gharama ya kukamua, na miezi ambayo mbegu huadimika. Anayeandika faida sawa kwa miezi yote 12 anajitega mwenyewe kwenye marejesho.

Mwisho, wasilisheni maombi kupitia kata na msubiri kutembelewa na maafisa. Siku hiyo daftari la mauzo liwe mezani.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Chang'ombe: Mwalimu, mbona mwaka 2023 tuliambiwa hakuna mikopo?

Jibu: Ni kweli, ndugu yangu. Ilisitishwa Aprili 2023 baada ya kasoro nyingi za usimamizi na marejesho, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, na Jiji la Dodoma likawa miongoni mwa halmashauri 10 za majaribio ya kupitishia fedha benki.

Mwanachama wa Kizota: Shikamoo mwalimu. Mwenzetu akihama na fungu lake, deni ni la nani?

Jibu: Marahaba. Ni la kikundi chote, kwa kuwa mkopaji ni kikundi. Kwa hiyo katiba itamke mapema dhamana ya kila mmoja, na malipo makubwa yafanywe kutoka akaunti ya kikundi moja kwa moja kwa muuzaji, pasipo kugawana fedha mkononi.