Taa ya usiku ya sensa: jinsi ya kuifunga isikumalizie Yaka (umeme wa kulipia kabla)

Huku kwetu Uganda giza linakaa kama saa 12 kila siku mwaka mzima, kwa hiyo balbu ya koridoni inayoachwa mpaka asubuhi inakula umeme kweli: LED ya wati 9 kwa mwezi ni yuniti 3 na zaidi. Taa ya sensa yenyewe inajiwasha mtu akipita gizani na kujizima baadaye. Mimi nafunga hizi taa za sensa majumbani, na wateja wengi wanadhani zikizima basi hazili kitu. Zinakula, maana sensa inakesha, mchana na usiku.

Hatua ya 1, soma boksi kabla hujalipa. Angalia wati za taa na pia wati inazotumia ikiwa inasubiri tu. Taa ya wati 1 ikiwaka jumla ya nusu saa usiku imekula nusu wati-saa, lakini kama kusubiri kwake ni wati 0.5, kwa siku nzima hiyo ni karibu wati-saa 12, yaani kusubiri ndo kunakula kuliko kuwaka! Bado uko mbali sana na zile wati-saa 108 ambazo balbu ya wati 9 inakula kwa usiku mmoja. Ila kama tayari unayo taa ndogo ya nusu wati ya kuwasha usiku kucha, hiyo ni wati-saa 6 tu, baki nayo.

Hatua ya 2, mahali. Sensa inashika joto la mwili linalopita mbele yake, sio linaloijia moja kwa moja, kwa hiyo chomeka kwenye soketi ya ukuta wa pembeni wa koridoni, urefu wa goti hivi. Weka mbali na sigiri, joto lake linaichanganya. Na haioni kupitia kioo cha dirisha.

Hatua ya 3, seti. Kile kitufe cha LUX (kinachoamua giza liwe kiasi gani ndo iwake) kiteremshe mpaka mchana isiwake kabisa. TIME (muda wa kuwaka mtu akishapita) iwe sekunde 20 au 30, isipokuwa bafuni, huko mpe mtu dakika mbili kwa sababu akitulia sensa inamsahau na anabaki gizani.

Hatua ya 4, ichomeke, ipe dakika moja izoee chumba, halafu zima taa zote upite polepole.

Kama nyumbani kuna mzee au ngazi, nunua ya betri ya kuchaji, umeme ukikatika inaendelea kuwaka. Chagua mwanga wa njano, ule mweupe wa kubluu unafukuza usingizi.