Somo: Mkopo wa shamba la miti, hatua kwa hatua

Wanakikundi, salaam. Wengi mnauliza kama Benki ya Maendeleo ya Kilimo Tanzania, TADB, inakopesha watu wa miti. Inakopesha, misitu na nyuki vimo. Kazi iko kwenye kujipanga.

Hatua ya 1. Tenganisheni maombi. Msitu wa hifadhi wa kijiji hauvunwi ili kulipa riba, kwa hiyo utafutieni ruzuku. Anzeni na Mfuko wa Misitu, uliowekwa na Sheria ya Misitu ya 2002. Mkopo ni wa shamba la paina au milingoti.

Hatua ya 2. Kusanyeni karatasi za ombi: hati ya haki miliki ya kimila (ya ardhi ya kijiji), katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao. Karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mtendaji haitoshi.

Hatua ya 3. Kalenda ya pesa. Hapa ndipo wengi tunaanguka. Ukipanda mita 3 kwa 3, ekari inaingia miche kama 450. Miaka mitatu ya mwanzo ni kutoa tu: mashimo, miche, palizi. Kisha kupogolea matawi, kupunguza miti, kungoja. Sasa chukua milioni 1 kwa riba ya asilimia 9, usilipe kitu, riba izae riba: baada ya miaka 15 unadaiwa milioni 3.6. Mti nao unakua, sawa, lakini benki haili majani ya paina.

Kwa hiyo ombi liwe na kitu kinacholipa njiani: kitalu cha miche, mizinga, parachichi za kubebesha. Na kabla ya kusaini muulize afisa wa benki rejesho la kwanza ni mwezi gani, mwaka gani. Akikujibu "tutaona", rudi nyumbani.

Hatua ya 4. Barabara za moto, yaani njia zilizofyekwa kuzuia moto usivuke, ziingie kwenye bajeti. Mwaka mmoja jirani alichoma mabua ya mahindi, upepo ukageuka. Asubuhi nilikuta ekari zangu mbili za miaka minne ni vijiti vyeusi, utomvu bado unachemka kwenye gome. Deni halikuungua.

MASWALI

*Mama wa Makete:* Mwalimu, hati bado hatuna. Tukae tu?
Hapana, mama. Anzeni kupima ardhi yenu kijijini. Huku mkiuliza benki yenu ya biashara kama imo kwenye mpango wa dhamana wa TADB kwa wakulima wadogo. Ila muelewe: dhamana hiyo inaipunguzia benki hasara, wewe deni lako liko palepale.

*Kaka wa Mufindi:* Paina zangu zina miaka 8, mnunuzi kaja na taslimu. Niuze nilipe mkopo?
Pima kwanza unene wa mti usawa wa kifua, ndipo mzungumze. Kwa umri huo mbao ni chache na bei anaipanga dalali. Ukibanwa sana uza ekari moja, nyingine ziache zinenepe.

*Ndugu wa Njombe:* Na pesa ya hewa ukaa, ile ya kulipwa kwa kutunza miti?
Vijiji vya wilaya ya Tanganyika, Katavi, vinaipata kwa kulinda msitu wa asili wa Ntakata. Ule ni msitu mkubwa na mkataba ni wa vijiji. Ekari zako tatu za paina usizihesabie pesa hiyo kwenye ombi la mkopo, afisa ataikata siku ya kwanza.