Somo: Kabla hujauliza "uyoga huu unaitwaje", fanya haya kwanza

Assalaamu alaykum nyote. Tangu masika yaanze naulizwa swali lile lile: picha moja, imepigwa kwa juu, na chini yake "jamani huu uyoga gani?" Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake. Naandika mara moja, na kuanzia leo atakayeuliza nitamleta hapa.

Kitu kimoja kieleweke mwanzo. Jina la kitaalamu la uyoga halikai kwenye picha, linakaa kwenye kielelezo kilichokaushwa. Anayeeleza spishi kwa mara ya kwanza huchagua kielelezo kimoja, akakihifadhi kwenye hebaria, yaani ghala la kitaalamu la vielelezo vilivyokaushwa, na jina likafungwa hapo. Sisi wengine kazi yetu ni kulinganisha vyetu na kile. Chukua Ganoderma lucidum. Jina hilo lilianzia kwa William Curtis mwaka 1781, na uyoga wenyewe ulitoka Peckham, London. Kwa miaka mingi kila uyoga mgumu unaong'aa kama uliopakwa vanishi ukaitwa hivyo, mpaka vipimo vya DNA vikaonesha kuwa mingi, hasa ya Asia ya Mashariki, ni spishi nyengine kabisa. Kwa hiyo ule ulioota kwenye kisiki cha mnazi Makunduchi usiupe jina la Peckham kwa sababu tu unang'aa. Andika Ganoderma, uishie hapo mpaka uwe na ushahidi.

Hatua ya 1. Ruhusa. Kwenye misitu ya hifadhi ya Jozani (Unguja) na Ngezi (Pemba) hukati kitu bila kibali. Kwenye konde la mtu, muombe mwenyewe.

Hatua ya 2. Piga picha kabla ya kung'oa: juu, ubavuni, chini ya kofia, na mmoja uliopasuliwa katikati. Weka rula pembeni.

Hatua ya 3. Andika unapoota. Udongo, kinyesi cha ng'ombe, makumbi, kichuguu, au gogo, na kama ni gogo, la mti gani. "Umeota shambani" hainisaidii.

Hatua ya 4. Chimbua kwa kisu, usivute wala usikate juu juu. Amanita, kundi ambalo baadhi ya uyoga wake huua, nyingi zina kifuko chini ya shina, na kifuko hicho hubaki ardhini ukivuta. Termitomyces, wale wanaolelewa na mchwa, wengi wana mzizi mrefu unaoshuka mpaka kwenye makaazi ya mchwa wenyewe. Vyote viwili ni sifa za kutambulia. Beba kwenye pakacha au karatasi. Mfuko wa plastiki unautokota uyoga kabla hujafika nyumbani.

Hatua ya 5. Andika sifa siku hiyo hiyo, uyoga ungali mbichi. Upana wa kofia na urefu wa shina kwa milimita, kuanzia mdogo mpaka mkubwa. Rangi. Harufu. Je, una pete kwenye shina? Nyama ikikatwa inabadilika rangi? Matamvua, yaani zile karatasi nyembamba zilizopangwa chini ya kofia, yameliacha shina, yameligusa, au yanateremka nalo?

Hatua ya 6. Alama ya spora, yaani ule unga laini ambao uyoga huzaliana nao. Kata kofia, ilaze matamvua yakitazama chini juu ya karatasi, nusu nyeupe nusu nyeusi, funika kwa bakuli, lala. Asubuhi utakuta spora zimejichora. Wengi wanairuka hatua hii, na ndiyo inayookoa watu. Kuna uyoga mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia, unaota kwenye majani ya viwanja baada ya mvua, unapendeza kweli kweli. Ukiwa mchanga matamvua yake ni meupe kama ya uyoga wa kula. Ukiuweka kwenye karatasi unaacha unga wa kijani. Ni Chlorophyllum molybdites, na aliyeula hutapika na kuharisha ndani ya saa chache.

Hatua ya 7. Kukausha. Hapa naomba msome polepole, kwa sababu hapa ndipo nilipopoteza kazi yangu. Vuli moja nilikaa Ngezi nikapata vielelezo 11, kimoja chao ni cha kofia ya rangi ya chungwa, ndogo kama kucha, kimeota kwenye gogo lililooza, sijakiona tena tangu siku ile. Mvua haikukatika. Niliviweka karibu na jiko la mkaa usiku mmoja, asubuhi nikavigusa juu nikaona vikavu, nikavitia kwenye kopo la maziwa ya unga nikakaza kifuniko. Baada ya siku 12 nikafungua kopo Unguja. Kulikuwa na pamba ya kijani na kijivu, harufu ya kabati lililofungwa miezi, na ile kofia ya chungwa imekuwa ute mweusi chini kabisa. Vibandiko nilivyoandika kwa peni wino wake ulikuwa umesambaa, hata sikujua kipi ni kipi. Nilikaa barazani nalo lile kopo mpaka magharibi.

Basi shikeni haya. Joto liwe nyuzi 40 hadi 45 na hewa ipite. Mkaa unapika nje na kuacha maji ndani, na ukizidisha unaharibu na DNA. Vipande vinene vipasue. Havijakauka mpaka ukikunja kipande kikatike kama biskuti. Kikipinda kama ngozi, rudisha. Ukishamaliza tia kwenye mfuko unaobana pamoja na zile punje za kunyonya unyevu. Kibandiko andika kwa penseli, kiwe ndani pamoja na kielelezo. Na kwa hali ya hewa yetu, fungua ukague kila mwezi.

Hatua ya 8. Hadubini. Pima spora zisizopungua 20, urefu na upana, andika kidogo kabisa na kikubwa kabisa. Usipime moja ukaridhika.

Hatua ya 9. Sasa ndiyo ulinganishe na maelezo yaliyochapishwa, uanzie kwenye jenasi, yaani lile jina la kwanza kati ya mawili, kama Ganoderma. Ukifika jenasi ukakwama, hujashindwa.

Maswali karibuni.

MASWALI

Mtoto wa Tumbatu: Picha hii hapa. Unaliwa hauliwi? Nataka kupika sasa hivi.

Makumbi (mwandishi): Umepiga kwa juu. Matamvua siyaoni, chini ya shina sikuoni. Usipike.

Mtoto wa Tumbatu: Lakini bibi yetu alikuwa anatia kitunguu thomu sufuriani, kikibaki cheupe uyoga ni salama. Na hajafa mtu.

Makumbi: Namuombea bibi rehema, lakini kipimo hicho si cha kweli. Sumu ya Amanita zinazoua haibadilishi kitunguu, wala haiishi kwa kuchemshwa. Na mbaya zaidi, mtu hula akalala vizuri. Kutapika huanza baada ya saa 6 au hata 24, na hapo ini limeshaanza kuumia. Bibi alikuwa anaujua uyoga wake kwa macho na kwa mahali unapoota. Ujuzi ulikuwa huo. Kitunguu hakikumsaidia kitu.

Chwaka 12: Mbona unatutesa na hatua tisa? Siku hizi kuna programu za simu, unapiga picha inakwambia.

Makumbi: Simtesi mtu. Programu inalinganisha picha na picha. Haijui alama ya spora, haijui harufu, haijui kama ulikiacha kile kifuko cha shina ardhini. Itumie ikupe pa kuanzia, kisha rudi hatua ya 4.

Mpanda Mamama: Mie napanda uyoga mamama kwenye mifuko, ukikomaa kila kitu kibandani kinapata unga mweupe, na nakohoa sana. Ndio spora hizo?

Makumbi: Ndizo. Mamama ni Pleurotus, na hutoa spora nyingi mno. Kuzivuta kila siku kunaweza kuumiza mapafu, wakulima wengi yamewapata. Vaa barakoa, fungua madirisha kabla ya kuingia, na vuna kabla kingo za kofia hazijanyooka na kuanza kukunjuka juu. Kikohozi kikiendelea mwone daktari, na umwambie kazi yako.

Binti Wete: Maalim, ahsante sana. Mie nasomesha baiolojia skuli ya sekondari. Hadubini yetu lenzi yake ya mwisho ni ya 40. Itafaa? Na wanafunzi wangu bado wanasema uyoga ni mmea.

Makumbi: Inafaa, dada yangu, tena sana. Lenzi ya 40 kwa jicho la 10 inakupa mara 400; umbo la spora wataliona, na ukubwa watakadiria. Vinundu na mikunjo juu ya spora ndivyo vinavyotaka lenzi ya 100 na mafuta. Kwaruza unga kidogo kutoka kwenye alama ya spora, tone la maji, kioo juu, basi. Dawa ya Melzer yenye iodini, inayozigeuza baadhi ya spora buluu iliyoiva, usiwape watoto, ina kemikali ya sumu ndani.

Kuhusu mmea: Whittaker, mwanabiolojia wa Marekani, alizipa kuvu, yaani uyoga na ndugu zake, himaya yake kwenye mpangilio wake wa himaya tano wa mwaka 1969. Waoneshe gamba la kaa sokoni, waambie ukuta wa seli ya uyoga umejengwa kwa kitu hicho hicho, kaitini. Hawatasahau. Ila sheria za kutoa majina ya kuvu mpaka leo ziko kitabu kimoja na za mimea na mwani, usishangae.

Na kama unataka kitu cha kuwafurahisha, tafuta Schizophyllum commune. Yule mdogo, mweupe wa kijivu, kama kipepeo kidogo, anayepanga safu kwenye vijiti vikavu vya muembe. Akikauka matamvua yake hupasuka katikati na kujikunja. Mtie maji, subiri, wayaone yakifunguka.

Binti Wete: Nitamtafuta kesho! Swali la mwisho: tukipata spishi mpya kweli, tunaweza kuieleza kwa Kiswahili? Na naweza kuipa jina la mama yangu, Salma?

Makumbi: Maelezo mafupi yanayoitofautisha na nyengine lazima yawe kwa Kilatini au Kiingereza, zamani ilikuwa Kilatini peke yake, Kiingereza kimekubaliwa tangu 1 Januari 2012. Maelezo marefu ya Kiswahili unaweza kuyaweka pamoja nayo, na mimi ningependa uyaweke. Tangu 2013 lazima pia jina lipate namba kwenye sajili inayotambulika, kama MycoBank au Index Fungorum, na kielelezo kiwe hebaria. Jina la mama linaruhusiwa: salmae. Likitokana na Pemba, pembensis, au pembense kutegemea jinsia ya jenasi.

Chwaka 12: Punje za kunyonya unyevu wanauza wapi? Sijaziona.

Makumbi: Ahsante kwa swali. Kusanya vile vifuko vya kwenye maboksi ya viatu. Zikishiba unyevu, toa punje, zikaushe kwa moto mdogo sana kwenye kikaango, zinarudi kazi.

Mpanda Mamama: Mie kukausha natumia boksi la katoni, wavu katikati, taa ya zamani ya wati 60 chini, matundu juu. Zile taa mpya za LED hazitoi joto la kutosha, nimejaribu.

Makumbi: Hiyo ni nzuri kuliko jiko langu la mkaa. Weka kipima joto pale penye wavu, kikipita 45 nyanyua wavu.

Mtoto wa Tumbatu: Sikupika. Nimeulaza kwenye karatasi toka jana kama ulivyosema. Unga umetoka wa kijani kibichi cha vumbi.

Makumbi: Alhamdulillahi. Wape habari na majirani wenye watoto. Kisha uchimbue mwengine pale pale, na shina lake lote, ukaushe, uandike kwa penseli tarehe na mahali. Tumbatu sina kielelezo chake hata kimoja.