Kulinda kiwanja cha kutua nyuma ya adui: anza na watakaobaki

Ofisa kijana akipewa zoezi la kuteremsha askari wa miamvuli nyuma ya mistari ya adui, macho yake hukimbilia kwenye lengo: daraja, njia panda, uwanja wa ndege. Mimi namrudisha kwenye kiwanja cha kutua. Darasani natumia Arnhem, Uholanzi, Septemba 1944, kwa sababu pale Waingereza, walioshuka kuteka daraja mikononi mwa Wajerumani, walilipa bei ya kila uamuzi wa kazi hii.

Tengeneza meza ya mchanga. Chimba Mto Rhine kwa kidole, weka daraja mashariki, kisha upande wa magharibi weka misitu na viwanja vya Renkum, Wolfheze na nyika ya Ginkel. Kutoka huko hadi darajani ni zaidi ya kilomita 10 kwa miguu. Viwanja vilichaguliwa kwa kuwa vilikuwa vipana na vikavu. Karibu na daraja wapangaji waliogopa mizinga ya kutungulia ndege, na mashamba ya bondeni yenye mitaro ambayo yangevunja glaida, zile ndege za kuvutwa zisizo na injini. Hoja zao zilikuwa na uzito. Lakini wewe pima kiwanja mara mbili: kwanza kwa jicho la rubani, halafu kwa jicho la askari atakayetembea na mzigo mgongoni huku adui akiwa tayari ameamka.

Sasa watangulizi. Tarehe 17 Septemba, Kombania ya 21 ya Miamvuli iliteremka kama dakika 20 kabla ya wengine, ikatandaza vitambaa vya rangi, ikawasha moshi na kusimika redio za Eureka ambazo mawimbi yake yalipokelewa ndani ya ndege kwa chombo kiitwacho Rebecca. Kazi ilifanyika vizuri mno. Nawe panga hivi: kila kifaa kiwe na pacha wake kwenye ndege nyingine, na kila mtu ajue kazi ya jirani yake. Normandy, Ufaransa, Juni ya mwaka huohuo, watangulizi kadhaa waliangukia mbali kwa sababu ya mawingu, na viwanja vingine vikakosa alama.

Hapa ndipo nawakalisha wanafunzi muda mrefu. Nawapa njiti za kiberiti, kila njiti ni kombania moja, nawaambia waziweke mezani. Wengi huzipeleka zote darajani. Ndege za siku ile hazikutosha kubeba divisheni nzima kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo Brigedi ya Kwanza ya glaida ililazimika kubaki ikilinda viwanja kwa ajili ya watakaokuja kesho yake. Walioelekea darajani walikuwa brigedi moja tu ya miamvuli, na waliofika na kushika upande wa kaskazini wa daraja, wakiongozwa na Luteni Kanali John Frost, walikuwa mia saba na kitu. Kabla ya kuruka, andika jina la kila kikosi kitakachobaki, kisha kifute kwenye hesabu ya mashambulizi. Usikihesabu mara mbili.

Tena, ongeza muda. Mkupuo wa pili ulitakiwa asubuhi ya tarehe 18. Ukungu ukafunika viwanja vya ndege Uingereza, na mkupuo huo ukafika alasiri. Saa zote hizo Batalioni ya 7 ya King's Own Scottish Borderers, sehemu ya brigedi ile ya glaida, ilikuwa inashika nyika ya Ginkel, ikipigana hadi kwa singe. Brigedi ya Nne ya miamvuli, iliyokuja na mkupuo wa pili, ilishuka chini ya risasi, na majani ya nyika yalikuwa yanawaka moto. Panga risasi, maji na bandeji za walinzi kana kwamba ndege zitachelewa siku nzima.

Katikati ya kiwanja acha wazi. Walinzi wakae kwenye kingo za msitu, njia na miinuko inayotazama kiwanja, doria itangulie mbele zaidi, na kikosi cha akiba kiwe mahali kinapoweza kukimbilia upande wowote. Tarehe 18 hiyohiyo, huko Groesbeek, pia Uholanzi, Wajerumani walitoka upande wa msitu wa Reichswald wakaingia kwenye viwanja vya Wamarekani wa Divisheni ya 82, vilivyokuwa na walinzi wachache. Ilibidi wafukuzwe haraka haraka, glaida zikiwa karibu kufika.

La mwisho ni ishara ya kubadilisha kiwanja. Tarehe 19 eneo la kudondoshea shehena lilikuwa bado mikononi mwa Wajerumani, na redio zilishindwa kufikisha ujumbe Uingereza. Askari walitandaza vitambaa na kupunga kila walichokuwa nacho. Ndege nyingi zikaendelea kudondoshea adui chakula na risasi. Rubani David Lord alipita juu ya eneo lile mara mbili, injini ya ndege yake aina ya Dakota ikiwaka moto, akafa pale na wenzake wote isipokuwa mmoja. Kwa hiyo kabla ya kuondoka, taja kiwanja cha pili kwenye ramani ya kila rubani, weka ishara ya siri inayobadilika kila siku, na toa amri iliyo wazi: ishara ya leo isipoonekana kwenye kiwanja cha kwanza, elekea cha pili.