Jinsi ya kumkumbuka babu alieenda vitani

Watu wa Malindi, kama babu yako alikua KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki) ama Kariakoo (Carrier Corps, wapagazi wa jeshi) usingoje Novemba, mwezi wa kuwakumbuka waliokufa vitani, anza leo. Kaa na bibi au mzee wa ukoo barazani, kahawa na tende ziwepo, rekodi na simu na usimkatize, wala usianze na "aliua wangapi", muulize alipelekwa wapi, Habeshi 1941 au Burma 1944, alirudi na nini, nani hakurudi. Na wapagazi msiwadharau! Vita vya 1914-18 walikufa kwa maelfu, wengi kwa kuhara na malaria sio risasi, na wengi hawana hata kaburi lenye jina, kwangu mimi kubeba mzigo siku nzima na homa juu ndo ushujaa wenyewe. Picha ziskani. Medali msisugue na majivu jamani, maandishi ya ukingoni yatafutika. Kama hakurudi, tafuta jina kwenye tovuti ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, ni bure, jaribu spelingi zote, Mohamed, Muhammad, Mahomed, makarani waliandika walivyosikia. Halafu msomeeni khitma, jina lake litajwe kwa sauti na wajukuu wawepo.